Rangi saba kwenye kaseti ya dakika 60

Kaseti yenyewe ilikuwa ya dakika 60, ganda jeusi, haina picha ya Shah Rukh Khan wala nini, kuna karatasi tu imeandikwa kwa kalamu ya bluu DILSE, yaani nyimbo za ile filamu ya Kihindi, Dil Se, na chini yake kwa herufi ndogo "upande B mchanganyiko". Shangazi aliirekodisha kwa jamaa mmoja wa Ngamiani aliyekuwa na dabo deki, enzi zile unapeleka kanda tupu na hela kidogo, unarudi jioni unakuta kazi tayari. Sasa yule jamaa akaona nyimbo ziko sita na upande mmoja wa kanda ni nusu saa tu, akapiga hesabu zake za haraka, ile remix akaisukumia upande B, tano zilizobaki akazibananisha upande A. Hesabu hazikukaa. Wimbo wa mwisho, Satrangi Re, una dakika saba na ushee, kwa hiyo unaimbwa, unaimbwa, unapanda, halafu ka! kitufe cha redio kinaruka chenyewe, kimya. Mimi nimekua nikijua wimbo unaishia hapo. Niliona hata ni ufundi, kumwacha mtu hewani vile.

Hiyo ni 1999, niko darasa la tano, Tanga. Filamu ilitoka India Agosti 1998 na kufika kwake kwetu kulichukua muda, maana vitu vilikuwa vinakuja kwa mikono ya watu, mtu katoka Dubai, mtu katoka Mombasa. Kideo cha mtaani waliionyesha lakini mi nilikuwa siruhusiwi kukanyaga pale, na shangazi naye hakwenda, alisema picha la Kihindi ukilisikiliza vizuri huna haja ya kuliona. Nilidhani anabana hela. Siku hizi nafikiri alikuwa anasema kweli kabisa, na ndiyo maana naandika haya, kwamba hii ni albamu niliyoijua kwa masikio miaka kumi na tano kabla ya kuijua kwa macho, na niliijua nusu nusu.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Redio inakaa dirishani, cherehani chini yake, na Chaiyya Chaiyya ikianza ule mguu wake unafuata, yaani kanyagio la cherehani linakwenda na ngoma, ukiwa nje barazani huwezi kujua kipi ni wimbo na kipi ni shangazi anapiga pindo. Miaka ile sikujua kwamba wimbo wenyewe kwenye filamu umechezwa juu ya mabehewa ya treni inayotembea. Ila nilijua ni wimbo wa treni, sijui nilijuaje, ngoma zile zinakimbia na kuna kitu kinagonga gonga kama magurudumu yanapita kwenye maungio ya reli, na sisi watoto wa Tanga reli tunaijua, hata treni ikiwa haiji.

Na maneno? Tuliimba "chai ya, chai ya, chai ya". Kila mtoto wa mtaa aliamini Wahindi wameimba wimbo wa kusifia chai, na hatukuona ajabu, maana ukiangalia wanavyoipika na maziwa na iliki kwa nini wasiiimbie. Sehemu zingine tulikuwa tunazijaza na Kihindi chetu wenyewe, kile cha puani, "teree nainoo", kila kitu kinaishia na "he" na "re". Ukimkuta mtu mzima wa pwani akakwambia hajawahi kuimba Kihindi cha kubuni bafuni, huyo muongo.

Basi nikakua, nikazunguka huku na kule na maisha, nikajikuta Muscat. Kazi ya stoo, kupokea mizigo na kupanga, nikakaa Ruwi kwenye nyumba ya kuchangia vyumba. Ruwi ukitoka usiku unasikia lugha zote za Bara Hindi kabla hujasikia Kiarabu, halafu unaingia dukani kununua vocha mzee wa Kiomani anakujibu kwa Kiswahili cha Unguja kizuri kuliko chako, anakuuliza "wewe wa wapi mwanangu, mbona unakata maneno hivyo". Chumba nilikaa na jamaa wa Kerala, mtu mzima kunizidi, nikawa namuita chetta, maana yake kaka kwa lugha yao, na yeye ananiita bhai tu. Yeye alikuwa dereva. Tulikuwa tunaongea Kiingereza cha kuokoteza na Kihindi cha soko.

Siku moja, Ijumaa, nafua nguo, simu iko kwenye ndoo tupu ili sauti itoke kubwa, nimeweka Jiya Jale. Katikati ya ule wimbo kuna sehemu Lata Mangeshkar ananyamaza anaingia mwanaume na kundi la waitikiaji kwa mwendo mwingine, maneno yanadunda dunda mdomoni kama mtu anatafuna ubuyu. Hiyo sehemu utotoni tuliijua kama "pale pa kuchekesha". Nikaanza kuiimba kwa Kihindi changu kile cha Ngamiani. Chetta akatoka bafuni na taulo na povu masikioni, anacheka mpaka anashika ukuta, kisha akaiimba yeye. Neno kwa neno. Nikamwambia kumbe Kihindi unakijua vizuri, akaniambia bhai, hicho si Kihindi, hicho ni Kimalayalam, hiyo ni lugha ya mama yangu.

Miaka kumi na tano naimba Kimalayalam sijui.

Akanieleza ni maneno ya kumchombeza bi harusi, atabasamu, azungumze kwa madeko. Na wimbo mzima ndio huo, msichana anawaza harusi yake, moyo unawaka, roho inawaka, moshi unafuka usiku kucha. Jamani si ndiyo mwali huyo, na wale waitikiaji si ndio makungwi wenyewe! Nilimueleza chetta habari za kumfunda mwali na kumtoa, akasema kwao wanawake nao wana nyimbo zao za harusi, wimbo ule ukipigwa harusini mama zake wanashangilia kiitikio tu, Kihindi cha Lata hawana habari nacho. Nilipenda sana hiyo. Yaani watu wa Kerala nao wamekula nusu yao wakaacha nusu.

Kuhusu Lata mwenyewe kuna hadithi naipenda kuliko hata tuzo zote. Huu ndio wimbo wake wa kwanza na A. R. Rahman, mtunzi wa muziki wa filamu hii, na Rahman anafanyia kazi Chennai, kwa hiyo bibi kasafiri kutoka Mumbai kwenda kuimba huko. Alizaliwa 1929, piga hesabu, anakaribia miaka 70, anaimba sauti ya msichana anayeota usiku wa harusi, na atakayeonekana akichezesha midomo ni Preity Zinta, binti wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa ndiyo anaanza sinema. Sasa Lata kazoea kuimba anaona watu, na studio ya Rahman wamemuweka kwenye kibanda cha kioo peke yake, haoni mtu, akawa hana raha. Gulzar, aliyeandika maneno, akachukua kiti akakaa pale nje ya kioo ili bibi awe anamuona mtu wakati anaimba. Hapo ndipo kazi ikaenda. Mi nikisikiliza Jiya Jale sasa hivi simuoni Preity Zinta kwenye mashua, namuona mzee wa kanzu nyeupe amekaa kwenye kiti anamtazama bibi wa sari nyeupe kupitia kioo. (Nguo nimewavisha mimi, lakini nani kawahi kuwaona na rangi nyingine wale.)

Haya, chai. Aliyenifungua macho kuhusu chai ni Mpakistani mmoja aliyekuwa anakuja kupakia mizigo stoo, mtu wa Lahore, mpenda mashairi kupita kiasi, akikuta unasikiliza kitu lazima akisahihishe. Akaniambia chaiyya imetoka kwenye neno la kivuli. Tembea kivulini. Na kabla haijawa kivuli ilikuwa thaiyya thaiyya, ambao ni mlio wa miguu ya mtu anayecheza, kutoka kwenye shairi la Bulleh Shah, walii wa Kipunjabi wa miaka ya 1700 huko, kwamba mapenzi yako yamenichezesha hivi. Sukhwinder Singh ndiye aliyempelekea Rahman huo wimbo wa kisufi, Gulzar akabadilisha herufi ikawa chaiyya, kikatoka kivuli. Ule mwanzo anaoimba Sukhwinder unasema mwenye kivuli cha mapenzi juu ya kichwa, chini ya miguu yake itakuwa jannat. Pepo chini ya miguu! Nilikaa juu ya boksi. Mtoto yeyote aliyepita madrasa anajua pepo iko chini ya miguu ya nani. Gulzar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Sampooran Singh na ni mtoto wa familia ya Kisikh, kaokota maneno yale kayapeleka kwa mpenzi, na mbele anasema angemvaa huyo mpenzi kama taaweez, yaani hirizi, laiti angempata mahali kama aayat. Aya! Neno letu kabisa. Anasema pia huyo mpenzi ndiyo kalma yake. Kalima.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuisikiliza albamu upya kama mtu aliyeambiwa kwenye chumba chake kuna mlango hajawahi kuufungua. Maana Gulzar haandiki Kihindi kitupu, anaandika na Kiurdu kingi, na Kiurdu kimejaa Kiarabu na Kiajemi, na sisi huku Kiswahili chetu kimejaa hayo hayo, kwa hiyo tulikuwa tunakaa na maneno ya kwetu masikioni miaka yote tunayaimba kama mlio. Ae Ajnabi, kwani ajinabi si mgeni? Bibi yangu alikuwa anasema "ajinabi" kwa mtu wa kuja. Satrangi, rang ni rangi, wote tumeitoa kwa Waajemi. Rooh ni roho. Nilikuwa nachukua daftari la kupokelea mizigo naandika nyuma yake maneno mawili mawili, mpaka bosi akauliza hii orodha ya nini, mzigo gani huu unaitwa "rooh".

Ae Ajnabi ndio wimbo uliokuwa unanipita utotoni. Wa taratibu, Udit Narayan anabembeleza, na upande A ulikuwa unakaa kabla ya Satrangi Re, mi nikawa nausubiri uishe. Muscat ukanigeuka. Shah Rukh kwenye hiyo filamu ni mtangazaji wa All India Radio, anakutana na mwanamke kwenye stesheni ya treni usiku wa mvua, hamjui jina, hamjui kwao, na wimbo unamwambia ewe mgeni, na wewe niitie basi kutoka mahali fulani. Mahalaxmi Iyer anaingia kwa mbali na neno lake moja, pakhi pakhi pardesi, ndege, ndege wa ugenini. Mtu wa redio, kazi yake ni kupaza sauti, anaomba sauti moja imrudie. Usiku wa zamu, stoo ina kiyoyozi kinanguruma na umbali wa nyumbani ni bahari nzima, ule wimbo si wa kuweka kama huna sababu.

Dil Se Re anaimba Rahman mwenyewe na hapa nitasema ukweli, Rahman si mwimbaji kama Sukhwinder, sauti yake inapanda kwa shida, inakwaruza, na ndiyo maana wimbo ule haumfai mtu mwingine. Besi yake kwenye redio ya shangazi ilikuwa haisikiki kabisa, spika ndogo, tulikuwa tunasikia filimbi na kelele. Siku niliyonunua hedifoni nzuri kwa mara ya kwanza (riyali nane, niliumwa wiki) nikasikia kumbe chini ya wimbo kuna mnyama mzima anatembea. Ile remix, Thayya Thayya, sina cha kusema, yule jamaa wa dabo deki alikuwa sahihi kuitupa upande B.

Watu wa pwani msinishangae. Hii habari ya kuwasikiliza Wahindi tumeirithi. Mombasa Juma Bhalo aliimba taarab kwa mahadhi ya sinema za Kihindi mpaka ukifumba macho unaona mvua na miti ya kuzungukia, ila maneno ni Kimvita cha kukuua. Wazee wa Zanzibar na Dar watakwambia walivyojaza kumbi kumuona Raj Kapoor. Hao walichukua tuni wakaweka maneno yao, wakamaliza, wala hawakuomba tafsiri kwa mtu.

Filamu nikaja kuiona na chetta kwenye laptop yake yenye ufa. Pale juu ya treni nikasimamisha mara tatu. Ni ile reli ya milima ya Nilgiri, Tamil Nadu, inayopanda kwenda Ooty, na njia yake ni ya upana wa mita moja, sawasawa na reli yetu ya Tanga, Wajerumani walianza kuilaza 1893. Kwa hiyo watoto wa barabara ya kumi na tano hawakukosea sana kuusikia mlio ule kuwa wa kwao. Farah Khan ndiye aliyepanga uchezaji, watu wako juu ya mabehewa kweli, hakuna ujanja wa kompyuta, Malaika Arora anazungusha kiuno kwenye kona ambayo mimi ningekuwa nimelala kifudifudi nasoma shahada. India filamu haikufanya biashara, Uingereza ndiyo ikaingia kumi bora, na 2006 Spike Lee akauchukua Chaiyya Chaiyya akafungulia nao filamu yake ya majambazi wa benki, New York, hauhusiani na chochote pale, na umekaa.

Lakini mi nilikuwa nasubiri Satrangi Re. Wameupigia Ladakh, milima mikavu, majengo ya matope, wawili wamevaa mara nyeusi mara nyekundu mara nyeupe. Sonu Nigam anaimba kama mtu aliyezidiwa, Kavita Krishnamurthy anamjibu. Chetta hakujua maneno, kwa hiyo mpenda mashairi wa Lahore ndiye alikuwa amenieleza kabla, kwamba rangi saba zile ni ngazi saba za mapenzi wanazozitaja washairi wao, na Gulzar kazipanga humo ndani: kuvutiwa, kuzoeana, ishq, aqidat, ibadat, junoon, maut. Akizitaja mi natafsiri kabla hajafika, itikadi, ibada, junoon ni ule wa majununi, na maut hakuna haja. Nikamwambia kaka kwenye wimbo mimi sijawahi kusikia maut. Akanitazama kama nimemtukania mshairi wake Ghalib.

Basi ile sehemu ikaja. Wimbo ukafika pale ambapo kitufe cha redio kinaruka, mwili wangu mzima ukasubiri ka!, haikuja, wimbo ukaendelea. Kulikuwa na dakika mbili zaidi. Anaomba aachwe alale mapajani mwa mauti. Sauti imeshuka, hakuna tena ule mbio, yeye amelala kwenye magoti ya mwanamke, na mimi niko kwenye kitanda cha chuma Ruwi nasikia kwa mara ya kwanza mwisho wa wimbo nilioujua tangu nina miaka kumi na moja. Halafu filamu yenyewe ikaenda ikaishia huko huko, yule mwanamke amevaa mabomu mwilini, wanakumbatiana, basi. Chetta akafunga laptop akasema mwongozaji huyu, Mani Ratnam, hana huruma, akaenda kupika wali.

Sikulala vizuri. Nilikuwa na hasira ya kijinga, kama mtu kaniibia, ila sikujua kaniibia nani, yule jamaa wa Ngamiani aliyekata au huyu Sonu Nigam aliyeongeza. Maana ule wimbo wangu uliishia kwenye junoon, kwenye wazimu, mtu bado anakimbia. Ngazi sita. Niliwahi hata kumuandikia msichana fulani barua kidato cha tatu nikauelezea ule mwisho wa ghafla, kwamba mapenzi ya kweli hayana mwisho, yanakatika tu ukiwa bado unaimba. Alijibu kwamba huenda kanda yetu ni mbovu. Yule dada alikuwa na akili sana.

Mwaka jana shangazi kaninunia kwa voisi ya WhatsApp, "we mtoto umekaa kimya, au umeshakuwa Muarabu, hebu nitafutie zile nyimbo zangu za Dilse, redio ilishakufa na kaseti panya wamefanya kitanda". Nikamtumia zote sita, safi, mpya, sauti kama wamo chumbani. Nikamuelekeza wa mwisho ausikilize mpaka mwisho kabisa, asiuache njiani, kuna kitu.

Kesho yake alfajiri ikaja voisi. Nyuma yake nasikia cherehani, ya umeme siku hizi, haina mdundo wowote. Akashukuru, akaniombea dua, akasema Lata wake kamsikia, Mungu amrehemu. Kisha akanyamaza kidogo, mkasi ukakata kitambaa, akasema, "Ila huo wa mwisho mwanangu si wenyewe. Wameurefusha."